Majengo ya Norwei na mandhari ya asili: dhana zilizoenea na ukweli wake

Sverre Fehn, msanifu majengo wa Norwei aliyetunukiwa mwaka 1997 Tuzo ya Pritzker, tuzo kuu ya usanifu majengo duniani, hakuamini kwamba jengo linaweza kuota ardhini kama mti. Kujenga mahali ambapo hapajawahi kuguswa, kwa maoni yake, ni shambulio la utamaduni dhidi ya maumbile, na wajibu wa msanifu ni kulifanya pambano hilo liwafumbue watu macho wauone uzuri wa mahali penyewe. Ninaanza na msimamo wake kwa sababu unapingana na mengi yanayosemwa kuhusu usanifu wa nchi yake.

Dhana: jengo linaloheshimu mandhari hujificha ndani yake

Makumbusho ya Barafu aliyoyabuni Fehn huko Fjærland, yaliyofunguliwa mwaka 1991, ni jengo la zege lisilofunikwa, lililowekwa katika bonde tambarare ambako kila apitaye huliona. Ngazi zake za nje humpandisha mgeni hadi juu ya paa, na akifika huko kinachomkabili ni milima na barafu inayoteremka kutoka Jostedalsbreen, tandiko kubwa la barafu la milimani. Jukwaa la Stegastein, lililokamilika mwaka 2006 kwa ubunifu wa Todd Saunders na Tommie Wilhelmsen, linafanya jambo hilohilo kwa ujasiri zaidi: linachomoza mita 30 kutoka ubavuni mwa mlima, mita 650 juu ya mkono wa bahari uitwao Aurlandsfjord, kisha linapinda kuelekea chini, na mbele ya mtazamaji kimewekwa kioo tu. Kazi zote mbili hazijaribu kufanana na mwamba. Zinaamua mtu asimame wapi na aelekeze macho wapi, na kwangu mimi hapo ndipo ulipo ustadi wa usanifu huu.

Dhana: cha muhimu ni sura ya jengo

Dhana hii imeenezwa na picha, kwa kuwa picha nyingi hazionyeshi msingi. Hoteli ya Juvet iliyopo Valldal, kazi ya ofisi ya Jensen & Skodvin, husifiwa kwa vijumba vyake vya mbao na vioo vipana vilivyotawanyika kati ya miti, lakini uamuzi mkubwa zaidi ulifanyika chini ya sakafu. Badala ya kulipua mwamba kwa baruti na kusawazisha kiwanja, wajenzi walitoboa matundu mwambani, wakasimika vyuma vyembamba, na juu yake wakaweka vyumba. Mawe, kuvu na miti vikabaki karibu kama vilivyokuwa. Siku vijumba hivyo vikiondolewa, kitakachobaki ni matundu machache.

Mgahawa wa Under, uliobuniwa na ofisi ya Snøhetta na kufunguliwa mwaka 2019 huko Lindesnes, kusini kabisa mwa nchi, ulihitaji hesabu ngumu zaidi. Ni kasha la zege lenye urefu wa mita 34, ncha moja ikiwa ufukoni na nyingine ikiwa imekaa kwenye sakafu ya bahari, zaidi ya mita 5 chini ya maji. Kuta zake zina unene wa nusu mita na zimepindwa kidogo ili zistahimili msukumo wa maji na mawimbi. Lilijengwa juu ya tishari karibu na mahali hapo, likazamishwa, kisha likafungwa kwa bolti mwambani. Uso wake uliachwa na mikwaruzo makusudi ili kome washikamane nao na hatimaye uwe mwamba bandia wa viumbe vya baharini. Huo ni ubunifu wa kweli, ingawa haubadilishi jambo moja: utengenezaji wa saruji hutoa hewa nyingi ya ukaa, na kome hawalipi deni hilo.

Dhana: Wanorwei hujenga kwa mbao za kwao pekee

Mbao zina heshima kubwa nchini humo, na kanisa la mbao la Borgund limesimama tangu mwishoni mwa karne ya 12. Hata hivyo, paa la Jumba la Opera la Oslo, lililofunguliwa mwaka 2008 na kuteremka hadi majini, limefunikwa kwa marumaru nyeupe ya Carrara kutoka Italia, uamuzi uliozua mjadala mkali katika nchi yenye mawe mazuri ya kutosha. Nalo jengo la Mjøstårnet mjini Brumunddal, lenye ghorofa 18 na urefu wa mita 85.4, limesimama kwa nguzo na mihimili ya mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka kwa tabaka, lakini sakafu za ghorofa za juu ni za zege. Mbao ni nyepesi, na bila uzito huo kileleni upepo ungelitikisa jengo kiasi cha kuwasumbua wakazi.

Dhana: paa la nyasi ni pambo

Katika nyumba za kale, udongo na nyasi viliyakandamiza magome ya mti wa betula yaliyozuia maji yasipenye, na vilevile vilihifadhi joto.

Dhana: usanifu mzuri ndio unaoilinda asili ya Norwei

Hili ndilo kosa lenye madhara zaidi. Ulinzi umetokana kwanza na sheria: sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea katika ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe, na sheria ya ujenzi inazuia, kwa kanuni ya jumla, kujenga ndani ya mita 100 kutoka baharini. Lakini halmashauri zinaweza kutoa ruhusa maalumu, na nchi hiyo yenye watu wapatao milioni 5.5 ina zaidi ya nyumba 400,000 za mapumziko, nyingi zikiwa milimani, katika maeneo ya kulungu-mwitu wa kaskazini (reindeer) ambao mwaka 2021 waliwekwa katika orodha ya wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Huko Hjerkinn, katika milima ya Dovre, kuna kibanda cha Snøhetta cha mwaka 2011, chenye ganda la chuma na mabenchi ya mbao iliyochongwa kwa mawimbi, ambako wageni huketi kuwatazama kulungu hao. Karibu na hapo palikuwa na uwanja wa jeshi wa mazoezi ya kulenga shabaha, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 165. Kwa miaka mingi, hadi 2020, serikali iliyasaka na kuyaondoa mabomu yasiyolipuka, ikabomoa majengo, ikang'oa barabara na kuirudishia ardhi mimea yake. Kibanda kinapigwa picha kila siku. Kwa kulungu, ubomoaji huo ulikuwa na faida kubwa zaidi.