Riwaya za Rijensi: mapenzi ya malodi wa London na utamu wake

Riwaya ya Rijensi ni hadithi ya mapenzi inayotokea Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19, miongoni mwa watu wa tabaka la juu: malodi na wake zao, mabinti wanaotafutiwa waume, vijana wa kiume wanaokimbia madeni. Jina limetokana na kipindi chenyewe. Mfalme George III aliugua akili hadi akashindwa kutawala, na mwezi Februari 1811 mwanawe mkubwa akafanywa mtawala mshikizi, kwa Kiingereza Regent, yaani mwenye kazi zote za mfalme bila kuwa mfalme. Alikaa hivyo mpaka Januari 1820, baba yake alipofariki naye akawa George IV. Ni miaka tisa tu. Waandishi hawaibani sana kalenda, wengine huanzia miaka ya 1790 na kuvuka hadi 1830, na wasomaji hawanung'uniki.

Mama wa yote haya ni mwandishi Mwingereza Jane Austen, ingawa yeye hakuandika riwaya ya kihistoria hata moja. Aliandika habari za majirani zake, za wakati wake. Vitabu vyake vinne vilitoka kati ya 1811 na 1815 bila jina lake kwenye jalada. Aliyeugeuza ule ujirani wa Austen kuwa ulimwengu wa kurudiwa na wengine ni Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa 1902, ambaye riwaya yake ya kwanza ya Rijensi ilitoka 1935. Heyer alijaza madaftari kwa habari za kofia, magari ya farasi, bei za vitu na misimu ya mitaani, na mpaka leo waandishi wengi wa aina hii wanakula kwenye ghala lake, wengine bila kujua.

Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kumjua Heyer. Mumewe alikuwa mhandisi wa madini, na katika miaka ya 1920 kazi ilimleta Tanganyika. Heyer akamfuata. Waliishi porini katika kibanda kilichojengwa kwa majani ya tembo, na humo ndani, mbali na maktaba zote, akaandika riwaya iliyotoka 1928, yenye mabwana wa mawigi na panga kiunoni na mabibi wa hariri. Hadithi hiyo ni ya miaka ya 1740, kwa hiyo haimo kwenye Rijensi. Lakini mkono ni uleule.

Sasa utamu uko wapi? Wengi hujibu haraka: magauni, majumba, farasi, mishumaa. Mimi naona hayo ni mapambo. Utamu uko kwenye masharti. Ulimwengu huu una sheria nyingi kiasi kwamba jambo dogo kabisa linakuwa kubwa, na anayekosea analipa kweli.

Mfano mzuri ni Almack's, kumbi za dansi zilizokuwa King Street, London. Msimu wa Bunge ulipofika, malodi waliacha mashamba yao ya mikoani wakahamia mjini na familia zao, na kila Jumatano usiku watu waliochaguliwa walikwenda kucheza pale. Fedha peke yake haikukufikisha mlangoni. Waliogawa kadi za kuingilia ni kamati ya mabibi wachache, akiwemo Lady Jersey na mke wa balozi wa Urusi, na wao walimpa waliyemtaka na kumnyima waliyemtaka. Kapteni Gronow, ofisa wa jeshi aliyeandika kumbukumbu zake, anasema kwamba mwaka 1814, kati ya maofisa takriban 300 wa kikosi cha walinzi wa mfalme, waliopata kadi hawakuzidi sita. Na waliofanikiwa kuingia walikaribishwa nini? Mkate mwembamba wenye siagi, keki kavu, chai na maji ya limau. Watu walijipendekeza miezi mizima kwa ajili ya chakula ambacho kwetu hata kitchen party ya uchochoroni ingekionea haya.

Ndani ya ukumbi mambo yalikuwa vilevile. Binti hakwenda popote bila mwanamke mkubwa wa kumsindikiza. Hakucheza na mwanamume ambaye hajatambulishwa kwake. Kucheza na mtu mmoja mara mbili kulionyesha kwamba anapendeza, mara ya tatu watu wakaanza kuulizana harusi lini. Kukutwa bustanini na mwanamume bila msindikizaji kulitosha kuharibu jina, na jina likiharibika halikuharibika la kwako peke yako, wadogo zako pia walikosa waume.

Mwandishi hodari anakaa juu ya masharti haya kama mpiga ngoma juu ya ngozi iliyowambwa vizuri, maana ngozi iliyolegea haitoi sauti. Katika riwaya nzuri ya Rijensi unaweza kusoma kurasa mia mbili kabla mwanamume hajamvua mwanamke glavu moja, na ukifika hapo umebana pumzi. Hadithi ya mapenzi ya leo haiwezi kupata hilo kwa urahisi. Wapenzi wa leo wana simu, wana chumba cha kupanga, hawana wa kumwogopa. Mwandishi lazima atafute kizuizi cha kubuni, na msomaji anaona mshono. Kwenye Rijensi kizuizi kipo tayari, kimeketi kwenye kiti cha ukutani na kujipepea kwa upepeo.

Kuna na lugha. Kwa kuwa mambo hayasemwi waziwazi, yanasemwa kwa mafumbo. Wawili wanazungumzia hali ya hewa na kumbe wanagombana. Mama anasifu kofia ya mwenzake na kumbe amemtukana. Mtu aliyekulia kwenye taarab na kanga anaielewa michezo hii mara moja, tena nadhani anaionja zaidi kuliko msomaji aliyelelewa kusema kila kitu kilichomo moyoni. Nusu ya raha ya riwaya hizi ni mipasho, ila hapa inapigwa kwa sauti ya chini na kikombe cha chai mkononi.

Chini ya mafumbo hayo yote kuna hesabu. Kitabu cha Austen cha 1813, kile cha dada watano wa familia ya Bennet, ukikisoma na kalamu mkononi utaona kuwa ni kitabu cha fedha. Baba yao ana mapato ya pauni 2,000 kwa mwaka, maisha mazuri kabisa. Lakini shamba lile limefungwa kisheria kwa warithi wa kiume, na yeye ana mabinti watupu, hivyo akifa litakwenda kwa ndugu wa mbali. Kila binti atabakiwa na pauni 1,000, tena mpaka mama yao naye afariki, zikiwekwa kwenye hatifungani za serikali zinazolipa asilimia 4. Yaani pauni 40 kwa mwaka. Bwana Darcy, ambaye kila mtu anamnong'ona anapoingia ukumbini, anapata 10,000. Ukishaziona namba hizo huwezi tena kumcheka mama yao anayehangaika kuwaozesha. Mama yule ana kelele, lakini hesabu anaijua.

Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji kugeuza kichwa kidogo, kwa sababu fedha zilikwenda upande usiouzoea. Kwetu mwanamume ndiye anayetoa mahari. Kule, binti ndiye aliyekwenda na fedha kwa mume, na kadiri zilivyokuwa nyingi ndivyo wachumba walivyojipanga. Ndiyo maana riwaya hizi zimejaa vijana wa majina makubwa na mifuko mitupu wanaowinda mabinti wa wafanyabiashara.

Na akishaolewa? Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, fedha na vitu vya mke vilikuwa vya mume, na ardhi yake mume ndiye aliyeisimamia. Familia tajiri ziliweza kuandikiana mikataba ya kumlinda binti, wengine hawakuwa na kinga hiyo. Watoto walikuwa wa baba. Talaka kamili, ya kumruhusu mtu kuoa au kuolewa tena, ilihitaji sheria ya Bunge kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na ilikuwa hivyo mpaka 1857. Mke alianza kumiliki mali yake kwa sheria za 1870 na 1882. Linganisha na pwani yetu: Sayyid Said alipofariki 1856, binti yake Salme, msichana mdogo wa Unguja, alirithi fedha na shamba lake mwenyewe kwa sheria ya Kiislamu. Nusu ya fungu la kaka, ndiyo, lakini lake, na angeolewa lingebaki lake. Duchess, mke wa lodi wa cheo cha juu kabisa, mwenye almasi kichwani huko London, angeweza kumwonea wivu kwa hilo.

Ndipo unapomwelewa shujaa wa kiume wa riwaya hizi. Kwa kawaida ni tajiri, mwenye kiburi, mara nyingi mkware aliyechoka na ukware. Duke ndiye anayependwa zaidi, kwa kuwa ndicho cheo cha juu kabisa cha lodi chini ya ukoo wa mfalme. Maduke wa kweli wa wakati ule walikuwa wachache sana, na wengi walikuwa wazee au wameshaoa. Wa kwenye riwaya ni mamia, wote vijana, wote na meno yao kamili. Lakini mvuto wake hauko kwenye cheo tu. Huyu ni mwanamume ambaye sheria imempa kila kitu juu ya mwanamke, na hadithi nzima ni safari ya kumfikisha mahali ambapo hataki kukitumia. Anajifunza kuomba. Shujaa wa kike, kwa upande wake, hana silaha ila ulimi na akili, na anashinda. Msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba wataoana, wala hilo halimpunguzii hamu, maana anachofuata ni namna ya kufika.

Wanaozidharau riwaya hizi husema ni uongo mtupu, na kwa sehemu wana haki. Miaka ileile, mafundi wa nguo wa kaskazini walikuwa wakivunja mashine zilizowanyima kazi. Agosti 1819, huko Manchester, askari wa farasi waliingia kwa mapanga katikati ya umati uliokuja kudai haki ya kupiga kura, na watu wakafa. Uzazi uliua wanawake bila kujali cheo: mwaka 1817 Princess Charlotte, mtoto pekee wa mtawala mshikizi na mrithi wa kiti, alifariki muda mfupi baada ya kujifungua mtoto mfu, akiwa na miaka 21. Ukifunga riwaya kwenye ukurasa wa harusi, hayo huyaoni.

La kuuma zaidi ni sukari. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe uliendelea kwenye makoloni yake ya Karibiani hadi 1834, na familia nyingi za malodi ziliishi kwa mashamba ya miwa ya kule. Ulipokomeshwa, wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20, na watumwa wenyewe hawakupewa kitu. Austen mwenyewe aligusa jambo hili katika kitabu chake cha 1814, ambamo bwana wa nyumba anasafiri kwenda kuangalia mali yake Antigua. Waandishi wengi waliomfuata walipita mbali. Tamthilia ya Bridgerton, iliyoanza Netflix Desemba 2020, ilichagua njia nyingine: ikaweka malkia Mweusi na duke Mweusi na kuendelea na dansi. Watu wengi walifurahi kujiona kwenye magauni yale, na mimi siwalaumu, ila swali la nani alilima ile sukari ya kwenye chai halikujibiwa. Siku hizi wapo waandishi wanaolijibu, wanaoandika mabaharia Weusi wa London na mabinti waliokimbia Karibiani, na vitabu vyao haviko nyuma kwa mahaba.

Afrika Mashariki wengi waliingia kwenye mapenzi ya vitabuni kupitia Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, vile vitabu vyembamba vya mtumba vilivyozunguka mabweni ya shule za wasichana mpaka majalada yakang'oka. Baadhi yake vilikuwa vya malodi na magari ya farasi. Ukitaka kuanza leo, ujue kwanza kuna matawi mawili. Tawi la Heyer lina staha: busu moja mwishoni, na kicheko njia nzima. Tawi la pili lilikua Marekani kuanzia miaka ya 1970, nalo linaingia na msomaji mpaka chumbani na kuwasha taa. Zamani jalada lilikuambia ukweli, shati la bwana lilikuwa wazi hadi kitovuni. Sasa majalada mengi yana michoro ya katuni yenye rangi tamu, isiyotofautisha tawi na tawi, kwa hiyo pitia kurasa za katikati kwanza kabla hujampelekea mama mkwe zawadi.