Hope ni kufuli tu

Saluni ninakosukia iko Nsambya, hapa Kampala, hatua chache kutoka kambi ya polisi nilikokulia. Sisi watoto wa kambi tulilelewa kwa Kiswahili. Kiganda tulikikuta nje ya geti. Ndiyo maana Jumamosi mchana mle saluni, mchezo uliotungwa London kwa Kiingereza unachezwa kwa Kiswahili. Mteja anayesukwa anashika simu. Mwenye saluni anachungulia juu ya bega lake, anasoma na kutafsiri palepale huku vidole vikiendelea na rasta, kisha wote waliomo wanapiga kura, hata yule aliyekuja kukausha kucha tu. Simu ni moja. Bando ni la yeyote aliyeamka na bando.

Mchezo wenyewe ni Love Island: The Game, wa kampuni ya Fusebox Games. Umezaliwa na kipindi cha televisheni cha Uingereza kinachorushwa na ITV2 tangu 2015: vijana wanafungiwa kwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, wanajipanga wawiliwawili, na anayekosa mwenza anafungasha virago. Mchezo ulitoka 2018, na humo mshiriki ni wewe. Unasoma wanayosema wenzako, unachagua jibu, hadithi inasonga. Msimu wa pili ulitoka 2019 kwa awamu, sehemu baada ya sehemu, na huo ndio tulioushikilia sisi. Ndio pia uliotugawa.

Tumegawanywa na Noah. Ni mkutubi, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Tangu mapema anakaa na Hope, msichana anayejiamini na asiyeficha kwamba huyu ni wake. Ukimtaka Noah, huna njia isiyopita mbele ya Hope.

"Mwanaume mwenye mtu wake hagombaniwi," alisema Shangazi siku ya kwanza. Si shangazi wa yeyote pale, ila mumewe alistaafu akiwa inspekta na kambi nzima inamwita hivyo.

"Shangazi, hawajaoana hao. Hata wiki tatu hawajamaliza," akajibu mdogo wa mwenye saluni.

"Kwani wewe ulimwachia dada yako shemeji kwa wiki ngapi?"

Basi. Nywele zangu siku ile zilimalizika saa moja usiku.

Mimi huandika hadithi za aina hii kwa kazi. Zangu hazina bwawa. Ni hadithi za simu kwa vijana, kuhusu afya, pesa na uhusiano, ambamo msomaji anachagua mhusika afanye nini. Kwa hiyo watu wakibishana kama Noah ni mwaminifu au mwoga, mimi najikuta nauliza mambo mengine. Huyo Noah unayemsema, ulifika kwake kwa njia gani? Njiani ulijibu nini? Na mfukoni ulikuwa na vito vingapi, ile sarafu ya mchezo?

Maana hatusemi mtu mmoja. Hapa ndipo mchezo unapoachana na televisheni. Wanaokumbuka 2003 wanakumbuka Big Brother Africa ya kwanza, kile kipindi cha televisheni, nyumba ile ya Johannesburg, Gaetano Kagwa akituwakilisha, na habari yake na Abby Plaatjies wa Afrika Kusini. Uganda iligawanyika. Wako waliosema ametutia aibu, wako waliosema kijana ana haki ya kupenda. Lakini waliomtetea na waliomlaani walikuwa wakimzungumzia Gaetano yuleyule, aliyenaswa na kamera zilezile. Tena Gaetano ni mtu. Alirudi nyumbani, akajieleza, maisha yakaendelea. 2019 tulimwona akiwa jaji wa East Africa's Got Talent. Noah hana redio ya kwenda kujitetea. Alivyo kwenye simu yako ndivyo alivyo, na kwenye simu ya jirani yuko mwingine mwenye jina hilohilo na fulana hiyohiyo.

Nieleze inavyofanyika. Mwandishi wa hadithi za kuchagua humpa kila mhusika daftari la siri ndani ya programu. Mara nyingi si kitu zaidi ya namba. Ukikaa karibu naye kwenye moto, namba inapanda moja. Ukimcheka mbele za watu, inashuka. Pembeni kuna alama za ndiyo na hapana: umeambiwa siri yake au hujaambiwa, mlibusiana au hamkubusiana. Baadaye, sura mbili tatu mbele, hadithi inachungulia daftari kabla ya kumfungua mdomo. Namba ikiwa juu anasema, "Nilikuwa nakungoja." Ikiwa chini anasema, "Ah, ni wewe." Msomaji halioni daftari. Anachoona ni mwanaume aliyechangamka au mwanaume aliyenuna, na anahitimisha kuhusu tabia.

Ila hatuwezi kumwandikia kila mtu hadithi yake. Piga hesabu: machaguo 10, kila moja lina njia mbili, na njia zisikutane tena. Unahitaji miisho 1,024. Hakuna mwandishi anayelipwa kwa hiyo. Mwaka 2015 mwandishi wa michezo ya hadithi, Sam Kabo Ashwell, aliandika makala akipanga maumbo ya hadithi hizi, na umbo tunaloliegemea zaidi wengi wetu ni lile la njia zinazotawanyika kisha zikalazimishwa kukutana mahali pamoja. Mganda haelezwi mara mbili umbo hilo. Mto Nile unatanuka kwenye Ziwa Kyoga mpaka hujui upi mkono, upi mto, kisha ukifika maporomoko ya Murchison maji yote, yaliyopita kushoto na yaliyopita kulia, yanapenya kwenye mwanya usiofika mita 10. Ukisimama pale juu huwezi kujua tone lipi lilitoka wapi.

Noah na Hope ni Murchison. Chagua utakavyo, zungumza naye usiku, mpikie, mpigie jicho. Kwa muda mrefu wa msimu, maji yote yanapita palepale: Noah yuko na Hope. Mwandishi anahitaji iwe hivyo, kwa sababu kuna vituko vya mbele vinavyowahitaji wakiwa pamoja. Sasa wachukue wachezaji wawili. Mmoja amekuwa rafiki wa Hope tangu mwanzo, hana habari na Noah. Akifika pale anaona mwanaume mwenye msimamo. Wa pili amempa Noah kila jibu tamu lililokuwepo, na akifika palepale, kwa mstari uleule, anaona mwanaume anayemchezea. Wote wawili wamesoma vizuri. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni walichokuja nacho.

Halafu vito. Unapewa vichache, ukitaka vingi unanunua kwa pesa halisi. Vinanunua nguo, ambazo mimi sina neno nazo, na vinanunua mazungumzo ya faragha, ambayo nina neno nayo sana. Mtu asiyesema mbele za watu, kama Noah, moyo wake anaufungulia pembeni. Na pembeni ndiko mara nyingi kuna bei.

Pale Nsambya hakuna anayenunua vito. Tangu Julai 2021 bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12, na kabla yake tulikuwa na ile ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018, kwa hiyo mtu akishaingia tu mtandaoni anajiona ameshanunua. Noah wetu, basi, ni bubu. Ni kijana mzuri aliyekaa kando ya mwanamke wake akisema "sawa". Mdogo wangu, anayefanya kazi Dubai, anacheza msimu huohuo akiwa na kadi ya benki. Jumapili moja alinipigia WhatsApp akimtetea Noah kama wakili. Kwamba ana majonzi, kwamba anafikiri sana, kwamba alimwambia jambo ambalo hakumwambia mtu mwingine. Nikamwambia huyo jamaa hana hata sentensi mbili kichwani. Tulikaribia kukosana kabisa. Saa nzima ilipita kabla hajataja kwamba yale mazungumzo ya usiku chini ya nyota aliyalipia.

"Kumbe nyinyi mmesoma Noah wa bure," akasema. Ndiyo. Na yeye alisoma Noah wa dirham.

Sisemi kampuni ni wezi. Waandishi wanakula, seva zinalipiwa. 2024 kampuni ya India iitwayo Nazara iliinunua Fusebox kwa pauni milioni 27.2, na pesa ya namna hiyo haitolewi kwa hisani. Ninachosema ni kwamba bei inapogusa mazungumzo badala ya viatu, inagusa tabia ya mhusika. Mtu asiye na pesa haoni hadithi fupi zaidi. Anaona watu wabaya zaidi.

Sasa Hope, maana hapo ndipo nilipokasirika.

Ukisikiliza wanaomchukia Hope, utasikia: anajiona, ana amri, anamfunga Noah kamba. Halafu sikiliza wanavyomsema Gary, mwendesha kreni kutoka Chatham. Gary anayumbayumba, lakini anampenda nyanya yake, jaja kama tusemavyo hapa, anamtaja kila mara, na saluni nzima ikamsamehe kabla hajaomba. "Kijana anayemkumbuka jaja wake hawezi kuwa mbaya," Shangazi aliamua, na kesi ikafungwa. Tena ana fani mkononi! Mkutubi pale Nsambya hana soko. Mwendesha kreni, ukiangalia maghorofa yanavyopanda Kampala, ni mume.

Bobby wa Glasgow, mwokaji na mcheshi, hana ugomvi mkubwa. Wanaompenda wanampenda kwa sababu hakuna mtu aliyesimama mlangoni kwake. Yuko karibu tangu mwanzo, anachekesha, anakulisha. Wasiompenda wanalalamikia jambo hilohilo: chakula kisichopigiwa foleni hakina utamu. Na Lottie, yule Mwaustralia mpaka vipodozi mwenye mavazi meusi, ni rafiki anayegombana kwa ajili yako leo na kesho anagombana na wewe. Kila mmoja mle ndani ana shoga wa hivyo, kwa hiyo hawakumjadili, walimcheka tu.

Lakini Hope hasamehewi. Kosa lake ni lipi? Amempata mtu, anamlinda. Angekuwa mke wa kaka yetu tungemsifu. Kosa lake ni la kiufundi: mwandishi alihitaji kufuli kwenye mlango wa Noah, na badala ya kufuli la chuma akaweka kufuli lenye sura, nywele na sauti. Mlango ukikataa kufunguka, mtu hamtukani seremala, anaupiga mlango teke. Hasira yote ya kusubiri, ya vito visivyotosha, ya Murchison ile, inamwangukia msichana mmoja. Na msichana huyo ni mweusi kama sisi, ndiyo maana inaniuma zaidi. Tabia yake inapoitwa kiburi nasikia maneno niliyowahi kuitwa mimi.

Najua ninachosema kwa sababu nimefanya kosa hilo mwenyewe. Katika hadithi yangu moja kulikuwa na mwenye duka, mama wa makamo anayemkatalia msichana mkopo wa vocha. Nilimweka pale ili mchezaji asipite haraka. Tulipoijaribisha kwa vijana, walimchukia kuliko mhusika aliyeandikwa awe mbaya. Nilidhani nimeandika vibaya maneno yake. Nikayalainisha, wakazidi. Mwisho nikaacha maneno yake yalivyokuwa, nikaongeza kitu kidogo kabla ya kukatalia: mchezaji anamkuta asubuhi akihesabu daftari la madeni ya watu waliohama bila kulipa. Hakuna chaguo pale, unamsaidia kujumlisha tu. Baada ya hapo aliwakatalia vilevile, kwa sentensi ileile, na kijana mmoja akasema, "Sawa, mama, naelewa," kwa sauti, akiiambia simu.

Mwezi uliopita, mtoto wa mteja alicheza na simu ya saluni na mchezo ukafutika. Ikabidi tuanze upya. Safari hii Shangazi akasema tuanze kwa adabu: kila Hope anapozungumza, tukae upande wake. Tukakaa. Tukamsaidia kuchagua nguo, tukamsikiliza, tukamtetea mbele ya wengine. Wiki ya tatu ilipofika zamu ya kumsogelea Noah, machaguo matatu yakatokea kwenye kioo na mle ndani kukawa kimya. Kelele ilikuwa ya drayeri peke yake.

"Mchukue," alisema mteja mgeni aliyekuwa chini ya drayeri, ambaye hakuwa na historia yoyote na Hope.

Hakuna aliyebonyeza. Mwenye saluni alisema mikono yake ina mafuta. Mdogo wake, aliyempigania Noah tangu siku ya kwanza, akasema chaji imebaki kidogo. Simu ikachomekwa ukutani karibu na kioo, na mchezo huu hauna saa inayokukimbiza kwenye machaguo kama hayo. Jumamosi iliyopita nilipoingia, ilikuwa bado pale.