Sigara, kahawa na dawa za akili: zungumza na daktari kabla mwezi haujaandama

Ramadhani ikikaribia, wagonjwa wetu wa kliniki ya akili hapa Tanga huuliza swali moja: dawa ninywe saa ngapi? Jibu lake si gumu. Dozi nyingi huweza kupangwa upya kati ya futari na daku, mradi daktari ndiye aliyepanga. La sigara haliulizwi, na mimi ndilo linalonitia hofu.

Moshi wa sigara hulifanya ini lizidishe vimeng'enya vinavyovunja baadhi ya dawa, hasa klozapini na olanzapini, dawa za wanaosikia sauti au kuona yasiyokuwepo. Ni moshi wenyewe, si nikotini. Ndiyo maana ugoro hauna athari hiyo, ingawa una madhara yake mengine. Kwa hiyo mvutaji mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko asiyevuta. Siku akiacha, mathalani kwa ajili ya funga, ini hurudia mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Dozi ni ileile, lakini dawa sasa inarundikana kwenye damu. Klozapini huweza kupanda kwa nusu au zaidi. Mtu analala mchana kutwa, mate yanamtiririka, akisimama anaona kizunguzungu, na wengine hupata degedege. Nyumbani wanasema funga imemchosha.

Kinyume chake nacho kipo. Mgonjwa amelazwa, wodini havuti, dozi inapangwa akiwa hivyo na anapata nafuu. Anarudi nyumbani Ngamiani, pakiti ya sigara mfukoni, na baada ya muda zile sauti zinaanza tena. Hapo hulaumiwa dawa, au jirani mwenye husuda. Moshi wa bangi hulichochea ini vivyo hivyo, na bangi yenyewe huuchochea ugonjwa.

Kahawa ya kijiweni ina mambo yake. Kafeini na klozapini hugombea kimeng'enya kimoja, hivyo vikombe vingi huipandisha dawa. Kwa litiamu, dawa ya hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, ni kinyume: kafeini huitoa kwa mkojo, na ukiikata kahawa ghafla litiamu hupanda. Ongeza kushinda bila maji katika joto letu la pwani, nako huipandisha litiamu. Ukiwa unainywa na ukaona mikono inatetemeka sana, kutapika, kuharisha au kuyumba, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tambuu nimejifunza kuwauliza kina bibi, maana hakuna anayeihesabu kuwa kitu. Haloperidoli, nayo dawa ya akili, huweza kukakamaza misuli, nasi hutoa Artane ili ilegee. Popoo ya kwenye tambuu ina kemikali inayovuta kinyume na Artane, na kwa mtafunaji mkubwa ukakamavu huweza kurudi.

Tembo la mnazi, au pombe yoyote, pamoja na dawa kama diazepamu au amitriptilini huweza kumlaza mtu mpaka pumzi ikapungua. Mirungi huchochea kilekile ambacho dawa inajaribu kutuliza. Balungi hupandisha kabamazepini, dawa ya kifafa na ya hisia. Machungwa matamu ya Muheza hayana neno.

Tukikuuliza unatumia nini, taja vikombe, pakiti na hata bangi. Tunatafuta dozi, hatutafuti kesi. Na anayetaka kuiacha sigara mwezi huu aiache, ila asijipunguzie dawa mwenyewe. Aje wiki mbili kabla, pamoja na mtu wa nyumbani atakayemwangalia wiki ile ya kwanza.