Namba kubwa kwenye boksi la darubini haitakuonyesha Zohali

Swali la mnunuzi wa darubini ni lile lile kila mara: "Inakuza mara ngapi?" Jamani, ulizeni kipenyo, yaani upana wa lenzi ya mbele! Boksi limeandikwa mara 525, mtu analipa, anachomeka lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya milimita 4 pamoja na ile ya kuzidishia mara tatu, anaambulia ukungu unaotetemeka, na darubini inahamia juu ya kabati.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana, ni milimita 700. Gawa kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3, ndiyo hiyo 525. Lakini lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70 tu, na kanuni inasema usizidi mara mbili ya kipenyo, yaani 140. Ukikuza maradufu, mwanga ule ule unatandazwa kwenye eneo mara nne. Ni kuongeza maji kwenye mchuzi, nyama haziongezeki. Na hata hiyo 140 vitabu vinaitaja kwa uhakika ambao mimi sina. Hapa Dodoma, usiku mwingi hewa inakukatalia kabla hujaifikia.

Hewa ndiyo inayopuuzwa kuliko yote. Mabati, kuta na lami hushinda juani kutwa, kisha huachia joto usiku. Ukielekeza darubini kwa Mshtarii juu ya paa la jirani saa mbili usiku, utaona duara linalochemka, na hakuna lenzi ya kulituliza. Nenda kwenye udongo mtupu au nyasi, iache darubini nje nusu saa ipoe, subiri hadi saa nne au tano, uchague sayari iliyopanda juu. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo sayari hutupitia karibu na utosi, ambako mwanga wake unapenya hewa kidogo zaidi. Kiangazi mawingu ni machache ila upepo upo: usirefushe miguu ya stendi yote, na ning'iniza mfuko wa mchanga katikati.

Kitafutio, ile darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya kubwa, kilinganishe mchana kwa mnara wa simu wa mbali. Usielekeze karibu na jua, kamwe.

Usiku anza na lenzi ya milimita 25, inayokuza mara 28. Inatosha kuona miezi minne mikubwa inayoizunguka sayari ya Mshtarii. Galileo aliiona mwaka 1610 kwa takriban mara 20. Halafu weka ya milimita 10, mara 70: mikanda miwili ya mawingu ya Mshtarii, na pete za Zohali. Mwaka 2025 pete hizo zilitugeuzia ukingo zikawa uzi mwembamba, na wengi wakadhani wanahitaji lenzi kali zaidi. Zinafunguka tena taratibu. Doa Jekundu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, siahidi kwa kipenyo cha milimita 70.

Kwa lenzi ya milimita 4 peke yake, mara 175 inayovuka hata ile 140, sayari hutoka kwenye duara la kuonea ndani ya dakika moja hivi, maana Dunia inazunguka. Anayeanza huipoteza hata kabla hajamaliza kurekebisha fokasi. Ile ya milimita 4 ibaki kwenye boksi mpaka Mirihi itakapotukaribia, jambo linalotokea kila baada ya miezi 26 hivi, na hata siku hiyo anza na ya 10.