Mkwaruzo au Gitaa? Kupanga Mashine za Zamani za Kuondoa Kelele kwa Santuri za Benga

Santuri ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kila sekunde 1.33. Ukisikia "tak" inayorudi kwa mwendo huohuo, basi kuna mkwaruzo uliokata mifereji kwa upana. "Chrr" isiyo na mpangilio ni vumbi, kuvu au umeme tuli. Ile "shhh" isiyokatika hutoka kwenye plastiki iliyochakaa, au kwenye utepe wa studio wenyewe. Hizo ni kelele tatu, na mashine nyingi za zamani haziwezi kutibu zote.

Anayenunua vifaa vya mtumba, katika soko la Kibuye mjini Kisumu au kwingineko, ajihadhari kwanza na jambo moja. Sanduku lililoandikwa "dbx" au "CX" mara nyingi ni king'amuzi. Mfumo wa dbx hubana muziki kwa uwiano wa 2 kwa 1 santuri inapotengenezwa, kisha mashine ya nyumbani huupanua kwa uwiano uleule, na kelele inashuka chini. CX, ambayo kampuni ya CBS iliitoa mwaka 1981, hufuata wazo hilohilo. Zote mbili hufanya kazi kwa santuri iliyotengenezwa kwa mfumo huo tu. Ukipitisha santuri ya kawaida, sauti inapanda na kushuka kama inayopumua, na mkwaruzo unazidi kuwa mkali. Kwa benga usinunue, hata kwa bei ya kutupa.

Zinazofaa ni zile zisizohitaji santuri maalumu: SAE 5000, KLH Burwen TNE 7000 na Garrard MRM 101, zote za miaka ya mwisho ya 1970. Kazi yake ni moja: kuwinda "tak". Sindano ikiwa sentimita 8 kutoka katikati ya santuri ya 45, mfereji hupita chini yake kwa kasi ya sentimita 38 hivi kwa sekunde. Mkwaruzo wenye upana wa milimita 0.2 basi huchukua nusu milisekunde tu. Mawimbi yake hupanda ghafla kuliko ala nyingi zinavyoweza, na mashine huutambua kwa mpando huo. Ikishaunasa, huiziba sauti kwa muda mfupi mno, sikio lisigundue pengo.

Sasa tatizo letu. Gitaa la solo la benga hudonolewa nota moja moja, juu na kwa kasi, na kila nota huanza kwa ncha kali. Kwa mashine, ncha hiyo inafanana na mkwaruzo. Kiteleza cha unyeti, kile kinachoamua mashine iwinde kwa ukali gani, kikiwa juu, gitaa hupoteza makali yake: nota zinabaki lakini vidole vimetoweka. Hilo kwangu ni hasara kubwa kuliko mikwaruzo kumi, maana benga bila vidole si benga.

Kwa hiyo usipange mashine kwenye sehemu ya kuimba. Benga nyingi zilikatwa vipande viwili, na mara nyingi upande wa pili ndipo waimbaji hunyamaza na magitaa yakaachiwa yakimbie. Weka sindano hapo. SAE 5000 ina kitufe cha INVERT, ambacho hukusikilizisha kile tu kinachoondolewa. Anza na kiteleza chini kabisa, bonyeza INVERT, upandishe polepole. Mwanzoni ni kimya, kisha "tak, tak" kavu. Endelea hadi usikie gitaa likichungulia katikati ya mikwaruzo, halafu rudisha chini mpaka lipotee. Hapo ndipo mahali pake. Sindano ikikaribia karatasi ya katikati, kasi ya mfereji hushuka hadi sentimita 25 hivi kwa sekunde. Mkwaruzo uleule hurefuka na kuwa butu, na mwingine utaponyoka. Uache uponyoke.

Mashine hukaa baada ya priamplifaya ya santuri, ile inayokuza kwanza sauti hafifu ya sindano, na kabla ya kitufe cha sauti. Kwenye amplifaya ya zamani tumia matundu ya TAPE: TAPE OUT iende kwenye ingizo la mashine, na toleo la mashine lirudi TAPE MONITOR. Usiunge waya wa kichwa cha sindano moja kwa moja; kichwa cha sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu. Pia usitangulize kifaa kinachopunguza sauti za juu, kwa sababu kitaufanya mkwaruzo kuwa butu na mashine haitauona. Kwa sababu hiyohiyo, wimbo ulionakiliwa zamani kwenye kaseti hausafishiki vizuri kwa njia hii. Rudi kwenye santuri.

Kwa "shhh" kuna vichujio vinavyofunguka na kujifunga vyenyewe, kama KLH Burwen DNF 1201, au saketi yenye chipu ya LM1894. Muziki ukiwa laini, chipu hiyo hufunga sauti za juu hadi kilohezi 1 hivi; ukiwa mkali, hufungua hadi kilohezi 30 na zaidi. Hufunguka kwa nusu milisekunde na kufunga kwa milisekunde 60 hivi, na punguzo ni desibeli 10. Iweke baada ya mwinda mikwaruzo, kamwe si kabla.

Santuri nyingi za zamani ni za mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, na hapo kuna faida ya bure. Bonyeza kitufe cha MONO, au unganisha kushoto na kulia baada ya priamplifaya kwa rizista mbili za kilo-omu 1, moja kila upande. Kelele zinazotokana na sindano kurushwa juu na chini hufutana. Mara nyingi naona hatua hii inasaidia kuliko sanduku la bei ghali.

Lakini osha kwanza. Unyevu wa ziwani huotesha kuvu ndani ya mifuko ya karatasi, na mashine itachoka kuziba "chrr" ambayo maji yangeiondoa. Tumia maji ya betri yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, na usome chupa vizuri kwa sababu asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Lita moja na matone mawili ya sabuni ya vyombo yanatosha. Pangusa kwa kufuata mfereji, suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, usiloweshe karatasi ya katikati. Santuri nzito za 78 za shelaki zisiguswe na spiriti, maana huyeyuka.

Kuhusu umeme, mashine nyingi hizi ni za Marekani, volti 120. Zinahitaji transfoma ya kushusha. Ya VA 100 inatosha. Ikianza kuvuma, sikiliza mvumo wenyewe. Ule mzito wa hezi 50 ni wa waya wa ardhi kati ya kinanda cha santuri na amplifaya. Wa hezi 100, wenye ukali kidogo, ni kapasita za pawa zilizokauka: mwambie fundi aweke za maikrofaradi zilezile, na volti zisiwe chini ya zilizoandikwa.