Lindo la saa 12: chama kidai saa, si ovataimu peke yake

Mlinzi wa kampuni binafsi anayepokea lindo saa 12 jioni na kulikabidhi saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki, anakuwa kazini saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja saa 45. Katika semina za matawi ya chama cha wafanyakazi, tofauti hiyo huletwa kwetu kama swali la fedha: "Ovataimu yetu iko wapi?" Swali ni la haki kabisa. Lakini chama kikiishia hapo, mlinzi ataongezewa pesa kidogo na kubaki amesimama getini saa zilezile.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 19 kinaweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Ukijumlisha na ovataimu, siku ya kazi haiwezi kuvuka saa 12. Ovataimu yenyewe hufanyika kwa makubaliano, na isizidi saa 50 katika kila wiki nne. Mlinzi wetu ana saa 27 za ziada kila wiki, yaani 108 kwa wiki nne. Na wengi hawafahamu kwamba sheria inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi avuke ukomo huo. Kwa hiyo utetezi wa "walinzi wenyewe wameomba" hauna nguvu.

Waajiri huwa na majibu mawili. La kwanza ni mapumziko: wanasema saa moja ya kula haihesabiwi. Ni kweli mfanyakazi anastahili dakika 60 za mapumziko baada ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kuzilipia, isipokuwa kama mfanyakazi anatakiwa aendelee na kazi au awe tayari kuitwa. Mlinzi aliye peke yake getini, anayekula huku anafungua na kufunga, hajapumzika. Saa yake ilipwe. Jibu la pili ni mkataba wa wiki iliyobanwa, unaoruhusu zamu ya saa 12 bila ovataimu kwa makubaliano ya maandishi. Upo kisheria, lakini nao una ukomo: siku tano, saa 45 za kawaida na saa 10 za ovataimu kwa wiki. Saa 12 mara siku sita haziingii humo kwa namna yoyote.

Kwa upande wa malipo, mwenye mshahara wa sh. 390,000 kwa mwezi na wiki ya saa 45 ana takriban sh. 2,000 kwa saa, kwa kugawanya mshahara kwa 195 (saa 45 mara wiki 4.333). Ovataimu ni mara moja na nusu, sh. 3,000. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zinaongezewa asilimia 5, yaani sh. 100 kila saa. Kazi ya siku ya mapumziko ya wiki hulipwa maradufu.

Hapo ndipo penye mtego. Mshahara wa msingi ukiwa mdogo, ovataimu inageuka ndiyo kodi ya nyumba na ada ya mtoto, na mfanyakazi mwenyewe anakuwa mtetezi wa saa nyingi. Simlaumu hata kidogo. Ila mwili una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40, na kwamba watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo mwaka 2016 kutokana na saa hizo. Saa 72 ziko mbali sana juu ya kiwango hicho. Waashi wa Melbourne mwaka 1856 walidai siku ya saa nane bila kukatwa mshahara, wakaipata. Madai hayo mawili yanapaswa kwenda pamoja hata leo.

Basi chama kiende mezani na idadi ya watu. Vituo vitatu vinavyolindwa usiku na mchana ni saa 504 kwa wiki. Kampuni inayowatumia walinzi saa 72 inahitaji watu saba tu. Ikifuata sheria huku ikitumia ovataimu yote inayoruhusiwa, inahitaji tisa. Bila ovataimu, kumi na wawili, kila mmoja saa 42. Dai la "tisa badala ya saba" linaeleweka, linapimika, na linaonekana kwenye ratiba ya zamu.

Ili lisikilizwe, chama kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambalo chama kinajadiliana kwa niaba yake; hapo kinatambuliwa kuwa wakala pekee wa kujadiliana, na mwajiri anawajibika kujadiliana kwa nia njema na kutoa taarifa zinazohitajika. Ombeni vitabu vya mahudhurio na ratiba za miezi iliyopita. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, ukisainiwa unawabana wote katika eneo hilo, wanachama na wasio wanachama.

Mwajiri atasema mteja hatakubali bei mpya, na mara nyingine anasema kweli, kwa kuwa zabuni nyingi za ulinzi hupewa anayetoza bei ya chini zaidi. Kwa hiyo benki, shule, hospitali na ofisi za umma zinazonunua ulinzi kwa bei isiyotosha watu watatu kwa kila kituo zinanunua saa haramu, na vyama viziambie hivyo waziwazi kabla zabuni haijatangazwa.

Mazungumzo yakichelewa, madai ya malipo yasisubiri. Mgogoro wa aina hii hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kila mlinzi awe na daftari lake la saa za kuingia na kutoka, pamoja na slipu zake za mshahara.