Otomatiki si roboti: yanayosemwa viwandani Arusha na ukweli wake

Kazi yangu ni paneli za umeme na mifumo ya kuongoza mashine. Nazunguka maeneo ya Unga Limited, Themi na Njiro hapa Arusha, mara nyingine nashuka Moshi, na karibu kila kiwanda ninachoingia nakuta maneno yaleyale kuhusu otomatiki, yaani mashine kujiendesha, na udijitali. Mengine yanawatia watu hofu ya bure, mengine yanamtoa mtu fedha nyingi kwa kitu asichokihitaji. Naandika kwa sababu inaniuma kuona viwanda vyenye mafundi wazuri vikikwama hapo.

"Bila roboti na mabilioni, sahau"

Hili ndilo nalisikia zaidi. Picha iliyomo vichwani ni mikono ya chuma inayochomelea magari. Ni kweli roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, iliingia kazini mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani. Lakini mashine zilikuwa zinajiendesha zamani kabla ya hapo. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda wa Japani alikamilisha mashine ya kufuma iliyosimama yenyewe pindi uzi unapokatika. Haikuwa na kompyuta hata moja. Kabla yake mfumaji alilazimika kuikodolea macho mashine muda wote, maana uzi ukikatika asione, kitambaa kinaendelea kutoka kibovu. Baada yake mtu mmoja aliweza kuhudumia mashine nyingi, akienda pale tu iliposimama.

Mji huu umeishi na viwanda vya nguo miaka mingi, kwa hiyo mfano huo nautumia sana. Mwenye kiwanda akiniuliza anunue mashine gani, namuuliza kwanza: mashine uliyonayo inaharibu kazi wapi bila mtu kujua?

Mara nyingi jibu ni la bei ndogo. Chukua pampu ya maji inayozunguka kwa kasi yote huku valvu yake imefungwa nusu. Mota inakula umeme kusukuma maji dhidi ya valvu. Ukiifungia inveta, kifaa kinachobadili kasi ya mota kwa kubadili masafa ya umeme, ukashusha masafa hayo kutoka hezi 50 hadi 40, kasi inashuka hadi asilimia 80. Umeme unaotumika hushuka zaidi sana, hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu ya pampu za aina hii na mafeni hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni karibu 0.51. Kanuni hii inakaa sawa pale ambapo maji hayapandishwi mlima. Yakipandishwa, faida inapungua na lazima upige hesabu kabla ya kununua. Nasisitiza hilo la hesabu, kwa kuwa wauzaji wengi hawalisemi.

"Mashine zangu ni za zamani mno"

Mota ya zamani inapimika sawasawa na mpya. Sensa ndogo, yaani kifaa cha kuhisi, mbele ya shafti inahesabu mizunguko, kipimo cha mkondo wa umeme kinachovishwa kwenye waya kinaonyesha mzigo, na tayari unajua mashine ilifanya kazi kwa saa ngapi na ilizunguka bure kwa saa ngapi. Teknolojia yenyewe haina ujana wowote. PLC, kile kikompyuta kigumu kilichomo ndani ya paneli na kinachoongoza mashine, kilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ili viwanda vya magari viache kufumua nyaya za rilei, swichi zinazowashwa kwa umeme, kila modeli inapobadilika. Modbus, lugha ambayo mita na inveta nyingi zinaongea mpaka leo, ni ya mwaka 1979.

Kuna jambo moja napenda kila fundi kijana alielewe kwa undani. Sensa nyingi za viwandani hupeleka kipimo kwa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Tangi likiwa tupu inatoa 4, likijaa inatoa 20. Kwa nini isianzie sifuri? Kwa sababu waya ukitafunwa na panya, mkondo unakuwa sifuri, na mfumo unajua hapo hapo kwamba hilo ni tatizo la waya, si tangi tupu. Kama ingeanzia sifuri, pampu ingewashwa kujaza tangi ambalo tayari limejaa. Kitufe cha dharura nacho hufungwa kwa mtindo huo: umeme hupita ndani yake muda wote, na waya ukikatika popote mashine inasimama. Nimekuta paneli ambazo fundi alikigeuza kitufe hicho kisipitishe umeme mpaka kibonyezwe, kwa sababu mashine "ilikuwa inasimama ovyo". Huo ni uhai wa mtu umewekwa rehani. Ilipaswa kutafutwa sababu ya kusimama.

"Watu wote watafukuzwa", na mwenzake, "Hakuna atakayepoteza kazi"

Yote mawili si kweli, na la pili linaniudhi zaidi kwa kuwa husemwa na watu wanaojua. Twende kwenye kahawa. Kuchambua buni kwa mkono, kuondoa punje nyeusi na zilizovunjika, ni kazi iliyoshikwa na akina mama kwa miaka. Mashine ya kuchambua kwa rangi inateremsha punje kwenye mfereji, kamera inazitazama zikianguka, na yenye kasoro inapulizwa pembeni kwa hewa ya kompresa, yote katika sehemu ndogo ya sekunde. Mashine hiyo ikiingia, viti vya wachambuzi vinapungua. Kusema vingine ni kuwadanganya.

Lakini nayo haijitoshelezi. Hewa ikiwa na unyevunyevu, valvu zinakwama. Vumbi likitanda kwenye kioo, inaanza kutupa kahawa nzuri. Kila shehena inataka unyeti wa mashine urekebishwe, na anayejua kasoro ipi inaharibu kikombe na ipi ni ya macho tu ni yule mama aliyechambua kwa mkono miaka yote. Kumwacha aende, halafu kumweka mbele ya skrini kijana asiyewahi kushika buni, ni hasara ya wazi. Mfundisheni mama mashine. Ujuzi wa kahawa anao tayari.

Na kwa anayepunguzwa, sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inayataja mahitaji ya kiteknolojia miongoni mwa sababu za kupunguza wafanyakazi, na inamtaka mwajiri atoe notisi, aweke taarifa wazi na ashauriane kabla ya kuamua, si baada ya mashine kushushwa getini. Pia kuna kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, kwa aliyefanya kazi mfululizo angalau miezi 12.

"Umeme wetu hauaminiki"

Hoja ni ya kweli, hitimisho si la kweli. Sehemu inayofikiri, PLC na sensa zake, hutumia umeme kidogo sana, mara nyingi volti 24, na betri ya wastani inaishikilia ikiwa macho wakati mota zimelala. Cha kuangalia ni umeme unaporudi: mashine isiwake yenyewe. Fundi anaweza kuwa ameingiza mkono humo.

"Hatuna intaneti, tuko salama"

Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa mwaka 2010, kililenga mitambo ya kurutubisha urani ya Iran iliyotengwa na intaneti, na kiliweza kusambaa kwa flashi. Kwa viwanda vyetu hatari ya kila siku ni ya kawaida zaidi. Laptopu ya fundi mgeni inachomekwa kwenye PLC bila kukaguliwa. Programu ya mashine ipo kwenye laptopu ya mtu mmoja tu, tena si mwajiriwa. Nimewahi kuitwa mahali ambapo laini nzima ya uzalishaji ilikuwa imefungwa kwa nywila ya muuzaji, na muuzaji hapokei simu. Kiwanda kilikuwa na mashine yake, umeme na malighafi, lakini hakikuweza kubadili hata muda wa kujaza chupa. Kabla ya kulipa fedha ya mwisho dai nakala ya programu, nywila zote na michoro ya nyaya, na yaandikwe kwenye mkataba. Nakala moja ya programu ikae nje ya kiwanda.

"Tukifunga mfumo tutajua kila kitu"

Mfumo utakuambia mashine ilisimama saa nane usiku kwa dakika 40. Hautakuambia kwamba opareta alikuwa anasubiri ufunguo wa stoo uliokuwa nyumbani kwa msimamizi. Ndiyo maana mteja mpya namwomba aanze na daftari la kaunta kando ya mashine kwa wiki chache: saa iliyosimama, saa iliyowaka, sababu, jina la zamu. Waandike maopareta wenyewe, na asiadhibiwe mtu kwa alichoandika, la sivyo kuanzia siku ya pili kila sababu itakuwa "umeme". Tukikaa na daftari hilo pamoja na fundi wa kiwanda, ndipo tunachagua sensa ya kwanza ifungwe wapi.